Gari Lililowaka Kwenye D

Nyumbani, 4 Machi

Kaka Mashoto,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, isipokuwa mguu wa mama, na huo mguu ndio ulionifanya nitafute kalamu. Najua hapo mgodini simu haishiki. Dereva wa lori la vipuri amekubali kunibebea barua, ingawa amelalamika kwamba yeye si posta.

Daktari anasema goti la mama linakakamaa. Asipofika kliniki kila wiki akanyooshwa, atamalizia maisha yake kwenye kiti. Basi hawezi kupanda, ngazi zake ziko juu na makondakta hawana subira na mtu wa fimbo. Nimewaza hadi kichwa kikauma, mwisho nikaona usafiri tunao hapa hapa uani, umefunikwa turubai. Gari la baba.

Usinicheke. Leseni ninayo, na gari ni la otomatiki, halina klachi ya kunitesa. Nimelisafisha, nimetoa viota vya panya kwenye viti, na jirani yetu fundi redio ameniazima betri. Taa zinawaka. Honi inalia, tena inalia vizuri mno, maana mama aliisikia akadondosha kikombe. Ila nikizungusha ufunguo, kimya. Injini hata haijaribu kuzunguka.

Mama mwenyewe bado ananuna. Analiita gari la mlevi. Jana kaniambia, "Lilinipeleka hospitali likiwa limenivunja, sasa linataka kunipeleka tena?" Nikamjibu kwamba safari hii atakaa ndani, si mbele yake. Hakucheka.

Wewe ndiye fundi umeme katika nyumba hii. Nielekeze kama unavyomwelekeza mtu asiyejua chochote, maana ndivyo nilivyo.

Mdogo wako,
Kitinda

* * *

Mgodini, 12 Machi

Kitinda mdogo wangu,

Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniangalia. Wewe uliyekuwa ukichomeka pasi kwa macho yaliyofumbwa, leo unafungua boneti.

Haya, sikiliza. Kwangua vichwa vya betri mpaka ving'ae. Angalia waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye bodi, kama umeota kutu ukwangue pia. Kisha tafuta stata, ile silinda ndogo iliyolala ubavuni mwa injini, uigonge kidogo kwa mpini wa nyundo huku mtu akizungusha ufunguo. Magari ya zamani hupenda kubembelezwa namna hiyo.

Zaidi ya hapo sina la kukusaidia. Umeme wa gari lile sijawahi kuugusa hata siku moja, mzee hakutaka mtu alisogelee, kwa hiyo nabahatisha tu. Mahali pamoja usipaguse: pale katikati ya viti, chini ya kifuniko cha mkono wa gia. Kuna nyaya nyembamba pale, ukivuta vibaya umeliua gari zima.

Na nikwambie ukweli kama kaka yako. Ningekuwa mimi, ningewaita watu wa vyuma chakavu walikokote. Lile gari lina mkosi. Mzee alionja kidogo, akashindwa kulitawala, mama akabaki na fimbo. Kwa nini umkumbushe kila wiki?

Msalimie mama. Mwambie likizo nitapita.

Kaka yako,
Mashoto

* * *

Nyumbani, 23 Machi

Kaka,

Nimekwangua, nimegonga, nimebembeleza. Kimya.

Fundi redio alikuja na taa yake ya kupimia umeme, ile kama bisibisi yenye kibalbu ndani. Akafuata waya hatua kwa hatua. Stata ni nzima, aliipa umeme moja kwa moja ikanguruma mpaka nikaruka. Umeme unatoka vizuri kwenye ufunguo. Unaingia pale katikati ya viti, kwenye gia, na hapo ndipo unapopotea. Yaani ni pale pale uliponikataza.

Anasema magari ya otomatiki huwekwa swichi ya usalama kwenye gia. Kazi yake ni moja: inaruhusu stata izunguke gia ikiwa kwenye P au N tu, gari likiwa limetulia. Ukiwa umeiacha kwenye D, gia ya kwenda mbele, zungusha ufunguo mpaka uvunjike, halitawaka, ili lisiruke na kumgonga mtu.

Nilimshukuru, akaondoka, mimi nikabaki nimekaa nyuma ya usukani na swali moja ambalo halijanitoka hadi sasa. Siku ile mama alikuwa anafungua lango ili baba ampeleke kazini. Baba alikuwa ameacha gia kwenye D tangu jana yake. Injini ilikuwa baridi, choki imevutwa ili iwake kwa nguvu, akazungusha ufunguo na gari likaruka likambana mama kwenye nguzo ya lango. Hilo wote tunalijua. Kama gari lina swichi hiyo, liliwakaje kwenye D?

Sikuulizi kwa ubishi. Wakati wa kile kikao cha familia wewe ndiye uliyesema ulisikia harufu ya pombe kwa baba. Baba hakujibu neno, akaangalia sakafu. Tangu siku ile mama hakula naye meza moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka sahani yake, naiacha kwenye kigoda mlangoni mwa chumba cha cherehani, hodi, naondoka. Nimefanya hivyo mpaka tukamzika. Kwa hiyo naomba unijibu kama fundi.

Kitinda

* * *

Mgodini, 1 Aprili

Kitinda,

Naona fundi redio amepata mwanafunzi. Mwambie gari si redio.

Swichi za zamani hufa, basi. Zinaweza kufa kwa namna yoyote, nyingine zinazuia kila kitu, nyingine zinaruhusu kila kitu. Ya mzee ilikufa, na yeye hakuwa makini. Huna haja ya kukalia usukani na kutunga maswali.

Ila kwa kuwa nakujua, utafungua tu hata nikikukataza, basi fungua vizuri usije ukaharibu. Toa skrubu za kifuniko, kinyanyue pamoja na ule mpira wa kuzuia vumbi. Swichi iko ubavuni mwa mkono wa gia. Nyaya za stata ni mbili, mmoja mweupe, mwingine mweusi wenye mstari wa njano. Zikwangue ncha, zisokote pamoja, zungushia tepu, gari litawaka. Usihangaike kutafuta swichi mpya. Mtu makini hahitaji swichi ya kumlinda.

Mpeleke mama kliniki, tuachane na habari hizi.

Mashoto

* * *

Nyumbani, 10 Aprili

Kaka,

Nimefungua.

Swichi ilikuwa imechomolewa, inaning'inia kama jino bovu. Nyaya zako mbili nimezikuta, mweupe na mweusi wa mstari wa njano. Ziliwahi kuunganishwa, kisha mtu akazikata katikati kwa kitu chenye makali. Nundu ya tepu nyeusi ya muungano ule wa kwanza bado imeng'ang'ania upande mmoja. Lakini si hilo lililonimaliza nguvu. Kila ncha iliyokatwa imevishwa kikofia cha kitambaa cha buluu, kidogo kuliko kucha yangu, kimeshonwa kwa mkono. Sindano imerudi nyuma hatua moja kila kabla ya kwenda mbele, mshono umelala sawasawa, na mwisho uzi umefungwa kwa ndani usionekane.

Ni mkono wa baba. Hakuna mwingine. Nilikaa kwenye kiti cha abiria nikalia, na sioni aibu kukuandikia hivyo.

Halafu nikakumbuka kitu. Mama akiwa bado amelazwa, baba alishinda mchana mzima ndani ya gari, milango wazi. Nilidhani anaomboleza. Akatoka, akaja jikoni, akaniomba sindano nene, maana zake zote zilikuwa za nguo laini. Hakusema ya nini. Uzi ukamshinda kutunga, yeye fundi cherehani, nikamtungia mimi.

Fundi redio amenionya nisizisokote nyaya hizi pamoja kama ulivyosema. Anasema zilivyokuwa zimesokotwa mwanzo ndiyo sababu gari liliwaka kwenye D. Mtu aliikwepa swichi. Nikifanya tena hivyo, nimetega mtego ule ule.

Nani aliziunganisha, kaka?

Kitinda

* * *

Mgodini, 17 Aprili

Kitinda,

Swali umelijibu mwenyewe, labda hukutaka kulisikia. Mzee alichezea nyaya, ajali ikatokea, akakata ili kuficha. Ndiyo maana kwenye kikao aliangalia sakafu. Mimi kusema pombe nilimsitiri, kwa kuwa bora mama aamini mume wake alilewa kuliko aamini alikuwa mjinga.

Sasa mzee amelala, mwache alale. Ziunganishe kwa uangalifu, uwe unaangalia gia kabla ya kuwasha, mama afike kliniki. Goti halisubiri uchunguzi wako.

Mashoto

* * *

Nyumbani, 26 Aprili

Mashoto,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikitafuta mahali ulipotania. Sikupaona.

Baba alikuwa anaogopa umeme. Umesahau? Alishona kwa cherehani ya miguu maisha yake yote kwa sababu hakutaka kukaa karibu na waya. Balbu ikiungua chumbani kwake alikuwa anakaa gizani mpaka wewe urudi umbadilishie. Leo unaniambia mtu huyo aliingiza mikono kwenye nyaya za gari akaziunganisha.

Nikaichukua nundu ya tepu. Nikaifungua polepole kwa wembe mezani, na pembeni nikaweka pasi yetu, ile uliyoitengeneza waya kabla hujaondoka, nayo nikaifungua. Chini ya tepu ya pasi umefunga muungano kwa uzi wa kushonea viatu, ukaupaka nta. Wewe ndivyo unavyofanya, ulikuwa ukijisifu kwamba hakuna fundi mwingine anayefunga uzi kwanza. Na tepu yenyewe imezungushwa kwa mkono wa kushoto, inakwenda kinyume na watu wote. Nikafungua na kengele ya mlango. Hivyo hivyo. Muungano wa gari nao una uzi wa viatu, nta, na tepu inakwenda kinyume.

Uliniandikia kwamba umeme wa gari lile hukuwahi kuugusa. Kisha barua iliyofuata ukanitajia rangi za nyaya kabla sijafungua kifuniko.

Kwa hiyo baba alikaa ndani ya gari mchana ule akatafuta mpaka akaona. Aliujua mkono wako kama nilivyoujua mimi, maana uzi wenyewe na nta ulivitoa kwenye droo yake. Akazikata nyaya kwa mkasi wake, yeye anayeogopa balbu, na akazivika kitambaa kwa sababu ndicho kitu pekee alichokuwa na uhakika nacho. Hakukata kuficha. Alikata ili gari lisimdhuru mtu mwingine. Halafu akaja kwenye kikao akakusikiliza ukisema pombe.

Alikuwa hanywi wakati ule. Alikuwa ameacha tangu tumbo lianze kumsumbua, na wewe ulijua.

Nataka uniandikie sentensi moja tu. Unajua ni ipi.

Kitinda

* * *

Mgodini, 6 Mei

Kitinda,

Sentensi unayoitaka siiandiki.

Kama niliunganisha, nilifanya anachofanya kila fundi gari likikwama na kipuri hakipo. Mzee ndiye aliyeniomba. Swichi ilikuwa imekufa, yeye hakutaka mama ajue kwamba lile gari alilolinunua kwa ubishi limeharibika tena, akanisihi nilitie uhai wa siku chache ili amfikishe mama kazini kwa heshima. Nilimwambia aangalie gia. Nilikuwa nitaweka swichi mpya nikiipata. Waya haukuiacha gia kwenye D, mzee ndiye aliyeiacha, na hilo hata ukifungua pasi zote za mtaa halibadiliki.

Unajua aliniambia nini hospitalini? Alinivuta kwenye korido akasema, "Wewe umeitwa kazini, nenda. Haya ya nyumbani niachie." Maneno yake hayo. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza, nani angemchukua fundi umeme aliyemvunja mama yake mguu? Kwenye kikao watu walikuwa wanauliza maswali kama yako. Ilibidi mtu aseme kitu. Nilisema pombe kwa sababu pombe watu wanaielewa haraka, na yeye alikuwa na nafasi ya kukataa. Hakukataa. Sasa nilaumiwe mimi kwa ukimya wake?

Nimeishi na jambo hili peke yangu huku kwenye vumbi, nyie mkiwa pamoja. Usidhani ni rahisi.

Mama asijue. Ana presha. Ukimwambia, lolote litakalompata ni juu yako, si juu yangu.

Nimempa dereva swichi mpya, ya aina ile ile. Ikishafungwa, ijaribu: kanyaga breki kwa nguvu, weka P, iwake. Zima, weka N, iwake. Kisha weka D uzungushe ufunguo, na hapo isiwake kabisa. Ikiwaka imefungwa vibaya, ilegeze uisogeze kidogo. Wakati wa kujaribu mtu yeyote asisimame mbele ya gari.

Kaka yako

* * *

Nyumbani, 19 Mei

Mashoto,

Swichi imefika salama. Fundi redio ameifunga, mimi nikimshikia bisibisi. Nyaya zako hatukuziunganisha. Kila moja imerudi mahali ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Kuhusu mama, nilikusudia kukutii. Si kwa ajili yako, nilimwonea huruma yeye. Lakini nilikuwa nimeviacha vile vikofia vya kitambaa mezani, juu ya leso, na niliporudi kutoka uani nilimkuta ameketi navyo kwenye kiganja. Amevaa mshono ule tangu harusi yake, huwezi kumdanganya. Akaniuliza, "Baba yako alimshonea nani vitu vidogo hivi?"

Nikashindwa kusema uongo. Uongo katika nyumba hii umeshasemwa wa kutosha.

Hakupiga kelele, wala presha haikupanda. Aliomba barua zako. Akavaa miwani, akazisoma zote, akaanza na ile ya kucheka. Ile ya mwisho aliirudia. Alipofika mahali pa pombe kueleweka haraka, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akaendelea. Kisha akachukua fimbo akasema twende tukalijaribu gari.

Nilikaa kwenye usukani. Yeye akapita mbele, taratibu, mpaka kwenye lango, akageuka akaegemea nguzo ile ile. Nikamwambia mama, fundi amesema mtu asisimame hapo. Akasema, "Najua alivyosema, nimesoma. Weka D."

Nilimsihi. Nilitoka garini nikamshika mkono, akanitoa. Akasema kama siwezi ataketi yeye kwenye usukani nami nisimame pale. Basi nikarudi. Nilikanyaga breki mpaka paja likauma, nikavuta na breki ya mkono, nikaweka D. Mbele yangu niliona uso wake juu ya boneti, hajafumba macho. Nikazungusha ufunguo.

Kimya.

Akasema, "Tena." Nikazungusha tena. Kimya. Nilisikia kuku wa jirani na pumzi yangu mwenyewe, basi. Nilikuwa bado nimeushika ufunguo kama mtu aliyesahau kuuachia.

"Kwa hiyo lingenyamaza hivi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ningefungua lango nikaenda kazini."

"Ndiyo."

Akaangalia chini, pale ambapo damu ilikuwa imeingia kwenye saruji na baba akawa anapasugua kila wiki bila kuambiwa na mtu. Halafu akaniuliza kitu ambacho nimekiwaza tangu hapo kila ninaposhika sahani. Akaniuliza, "Chakula ulichokuwa unampelekea, alikuwa anakimaliza?"

Nikamwambia mara nyingi hakukimaliza. Ndipo alipolia.

Umesema waya haukuiacha gia kwenye D. Ni kweli. Baba alisahau, kama watu wote wanavyosahau, na gari lilitengenezwa likijua kwamba watu watasahau. Wewe ndiye uliyeondoa msamaha huo. Na hata hilo mama angelimeza, amesema hivyo mwenyewe, kwa sababu ulikuwa kijana na ulitumwa na baba yako. Lakini swichi iliyonyamazishwa ilikuwa ya gari tu. Pombe uliisema ukiwa umeketi, umekunywa chai yake, unamtazama usoni.

Na usiseme tulikuwa pamoja huku. Yeye alikuwa chumba cha nyuma.

Kliniki tumeanza kwenda. Mama anakaa mbele, pembeni yangu, na kila kabla sijawasha ananyoosha mkono kuigusa gia aone iko P. Goti limeanza kukubali kidogo.

Hana barua ya kukuandikia. Nilimwuliza kama kuna neno la kukufikishia, akafikiri, akasema nikujulishe tu kuhusu nyumba ili usije ukapata shida ya safari bure. Kitanda chako cha likizo tumekitoa sebuleni. Cherehani ya baba imerudi pale dirishani, mahali pake, penye mwanga.

Binti wa fundi cherehani